Jiwe la Kingo Mbilimbili

Kila asubuhi, kabla hajavaa viatu, Shangazi alimtungia mumewe sindano ishirini. Mume huyo alikuwa fundi wa nguo, bado anashona vifungo na pindo za makoti kwa mkono, lakini tundu la sindano lilikuwa limemshinda miaka tisa iliyopita. Kitambaa alikijua kwa vidole, uzi aliujua kwa meno, tundu hakulijua tena. Basi Shangazi alisimama dirishani na kutunga: nyuzi nyeusi kumi, nyeupe sita, za kahawia nne, akizichomeka sindano moja moja kwenye kijimto cha pamba, na mumewe akihesabu kwa sauti kama mwalimu wa darasa la kwanza.

"Kumi na tisa. Usinipunje, mama."

"Ya ishirini hiyo hapo. Na nikikupunja utanishtaki kwa nani?"

"Kwa mama yako, kaburini."

"Mama yangu hakukupenda toka mwanzo. Kunywa chai."

Kisha alivuka barabara mbili, akapanda ngazi za pembeni mwa duka la vioo vya madirisha, akafungua karakana ya vito kwa ufunguo wake mwenyewe. Alikuwa na miaka hamsini na minane, na arobaini kati ya hiyo aliimaliza juu ya kigoda kimoja, mbele ya gurudumu moja la kusagia mawe. Kigoda kilikuwa kimebadilishwa miguu mara tatu na kikalio mara mbili, lakini yeye alikihesabu kuwa ni kile kile.

Shangazi silo jina alilopewa na wazazi. Karakana ilianzishwa na baba yake, ikarithiwa na kaka yake, na kaka alipofariki ikamwangukia mtoto wa kaka, kijana mpole wa miaka thelathini na tano mwenye tabia ya kusoma barua mara mbili kabla ya kuijibu. Kwa huyo alikuwa shangazi wa damu. Na kwa kuwa bosi akikuita jina ndilo jina, kila aliyepanda ngazi zile alimwita Shangazi, hata madalali wenye mvi nyingi kuliko zake. Naye alimwita bosi wake "Baba", maana kijana alibeba jina la babu yake. Mgeni aliyeketi pale robo saa angedhani ukoo umepinduliwa miguu juu.

Mafundi walikuwa watatu. Gurudumu la kwanza, lile la dirishani, lilikuwa la Shangazi. La pili lilikuwa la bwana mmoja mnene aliyeitwa Redio, kwa sababu hakuwa na kitufe cha kuzimia. La tatu lilikuwa la fundi mkimya sana, mkimya kiasi kwamba hata jina la utani hakulipata. Walimwita "yule" hata akiwepo.

Katikati ya chumba, juu ya meza ya mbao, palikaa sahani nyeupe ya bati yenye mdomo wa buluu. Hiyo iliitwa sahani ya makosa. Baba yake Shangazi ndiye aliyeiweka. Sheria yake ilikuwa fupi: fundi akiharibu jiwe, asisubiri kuulizwa. Aliweke mwenyewe kwenye sahani, aseme kosa kwa mdomo wake, na wote waache kazi waje watazame. Hakuna kufokewa na hakuna kukatwa chochote. Ni kutazamwa tu. Redio alikuwa akisema afadhali kukatwa mkono. Yeye alikuwa mteja wa sahani ile karibu kila mwezi. Shangazi alikuwa na miaka kumi na mmoja hajaweka kitu.

Siku ya Jumanne, dalali mmoja alileta kifurushi cha kokoto kumi na moja zilizookotwa kwenye changarawe za mto wa zamani, mto uliokauka kabla binadamu hajaupa jina. Zilikuwa zimeviringwa na maji mpaka zikafanana na peremende zilizonyonywa nusu. Bosi alizinunua, akazipima moja moja hewani kisha ndani ya maji, akagawa hesabu ili ajue uzito wa kila jiwe ukilinganishwa na maji. Moja lilikuwa la zambarau iliyofifia, kama wino uliodondokewa maji. Uzito wake ulitoka mara tatu nukta sita ya maji.

"Spineli," Bosi alisema, akamkabidhi Shangazi.

Mtu ambaye si wa kazi hii anapaswa kujua jambo moja kuhusu spineli: fundi huipenda kwa sababu haina kichwa wala miguu. Mawe mengi yana upande wa kuheshimiwa. Ukiyakata bila kujali upande, rangi inageuka au mwanga unaingia vibaya. Spineli ukiiweka kifudifudi au chali ni mamoja. Mwanga unaingia mmoja na unatoka mmoja, kwa hiyo fundi hutazama kitu kimoja tu, namna ya kupata jiwe kubwa kuliko yote kutoka kwenye kokoto aliyopewa.

Ndivyo alivyofanya Shangazi. Aliligeuzageuza jiwe mpaka akaona pale ambapo litapoteza kidogo, akaligandisha kwenye kijiti kwa nta ya moto, akalisaga kwa siku mbili. Kokoto yenye ukubwa wa harage ikawa jiwe la mviringo lenye nyuso hamsini na nane, nene kidogo tumboni, lenye ukubwa wa punje ya hindi. Upande mmoja lilimgomea. Unga wa almasi uliokuwa ukilila vizuri upande huu, upande ule ulilamba tu. Shangazi alihisi hilo mkononi, akafikiri unga umechakaa, akaongeza mwingine.

Alhamisi asubuhi Bosi aliliweka kwenye kifaa cha kupimia jinsi jiwe linavyoupinda mwanga. Kifaa kikasema moja nukta saba mbili, na spineli ndipo inapokaa, siku zote. Akaandika "spineli" kwenye bahasha, akaenda kupokea simu. Laiti angeligeuza jiwe kwenye kifaa kile na kutazama tena, pengine angeona mstari wa pili umejificha nyuma ya ule wa kwanza. Hakuligeuza. Nani anauliza jina la mtu anayemfahamu?

Shangazi alikuwa na desturi moja ambayo wenzake waliicheka. Jiwe likishakamilika, alilitazama mara ya mwisho kwa lenzi ya baba yake, inayokuza mara ishirini. Mafundi wote ulimwenguni hutumia ya mara kumi, na wana sababu. Ile ya ishirini ni ndogo kama kifungo cha shati, lazima uisogeze mpaka kope ziiguse, na mkono ukitikisika unywele mmoja jiwe linapotea kabisa. Redio aliiita lenzi ya kutafutia dhambi.

Alichungulia kupitia uso wa juu, ule mpana ambao mafundi huuita meza, akatazama chini kabisa, mahali nyuso za nyuma zinapokutana. Akaona kila ukingo umekuwa mbili. Hazikuwa zimeachana sana. Ilikuwa mistari miwili imelala pamoja kama reli za treni ya kuchezea. Akafuta lenzi, akafuta jiwe, akafumba jicho, akafumbua. Mbili. Akashika kibano kwa mkono wa kushoto. Mbili.

Kisha akasimama, akaenda mezani, akaliweka kwenye sahani ya makosa. Redio alizima gurudumu lake ghafla, jambo ambalo halikuwahi kutokea kabla ya saa sita.

"Jamani! Nani kafa?"

"Kingo za nyuma zimetoka mbilimbili," Shangazi alisema. "Nadhani nimeng'arisha mara mbili kwa pembe mbili tofauti. Sijui nimefanyaje. Tazameni."

Wakatazama. Bosi kwa lenzi yake ya mara kumi, Redio kwa yake, fundi mkimya kwa yake. Kingo zilikuwa moja moja, kali, safi kama zilizochorwa kwa rula.

"Mbona zuri?" alisema Redio. "Ningekuwa mimi ndiye nimelikata, ningelivaa kichwani."

"Tazama kwa hii."

Redio akaichukua lenzi ya ishirini, akainama, akahema. "Naona kope zangu tu, Shangazi. Kumbe nina kope nzuri."

Bosi naye akajaribu, akahesabu moyoni labda sekunde kumi, akaishusha. Akamtazama shangazi yake kwa jicho lile la watu wanaotaka kusema neno na hawataki liwe limesemwa na wao.

"Shangazi, ulipima macho lini?"



Alikwenda kupima kesho yake. Daktari wa macho alikuwa mwanamke mwenye haraka, akamkalisha kwenye kiti, akamwangazia taa, akamsomesha herufi. Shangazi alizisoma zote mpaka mstari wa mwisho, akasoma na jina la kiwanda kilichochapa karatasi.

"Unaona vizuri," daktari alisema. "Ila jicho la kulia limeanza mtoto wa jicho. Ni ukungu kidogo, kwa umri wako ni kawaida."

"Huo ukungu unaweza kunifanya nione mistari miwili mahali palipo na mmoja?"

Daktari akaandika kwenye karatasi. "Unaweza. Au usiweze. Rudi baada ya miezi sita."

Kazi ya Shangazi yote ilikuwa kwenye jicho la kulia. Alitoka na karatasi yake, akaipeleka karakana kama ilivyo, bila kupunguza neno, kwa kuwa ndivyo sahani ilivyomlea.

Redio ndiye aliyejaribu kumchangamsha. "Basi hongera! Umepata mtoto uzeeni."

"Na wewe utamlea," alijibu Shangazi. "Ana tabia yako, hanyamazi."

Bosi hakucheka. Alimwita kwenye chumba chake, ambacho kilikuwa kona iliyotengwa kwa kabati, kwa hiyo kila mtu alisikia.

"Shangazi, keti."

"Nimekaa miaka arobaini, Baba. Acha nisimame."

"Kuanzia Jumatatu nakuomba ukae meza ya kuchambua. Mawe ghafi yakija uyatenge wewe, kwa rangi, kwa ukubwa. Hakuna anayeyajua kama wewe."

"Na gurudumu langu?"

"Tutalifunika tu. Sitampa mtu." Akapangusa meza isiyo na vumbi. "Sikutoi. Wewe ndiye uliyenifundisha kushika kijiti. Lakini mteja akisikia fundi wetu anaona mbilimbili, hatarudi. Na siku utakayoharibu jiwe la watu, ni wewe utakayelia, si mimi."

Alichosema kilikuwa cha kweli, na hicho ndicho kilichomuuma. Angekuwa mkorofi angemjibu. Mtoto mpole hukufunga mdomo kwa upole wake.

"Haya, Baba," alisema.

Nyumbani alimweleza mumewe akiwa anakunja nguo. Mume aliacha kushona, akatafuta uso wake kwa macho yale yasiyoona karibu.

"Wamekuambia huoni?"

"Wameniambia naona zaidi."

"Leo asubuhi umenitungia sindano ishirini kabla chai haijapoa. Mwenye macho mabovu humu ndani ni mmoja, na analipiwa miwani."

"Sindano unaitazama kwa macho mawili, mkononi. Jiwe ni jicho moja na lenzi. Siyo sawa."

"Siyo sawa, sawa. Lakini hebu niambie, hiyo mistari miwili unaiona kwenye mawe yote?"

Shangazi alibaki na shati mkononi. Alikuwa ametazama jiwe moja. Toka Alhamisi hakugusa jingine kwa lenzi ile, kwa sababu, na hili alilikiri mwenyewe hapo hapo, aliogopa.

Jumamosi karakana hufanya kazi nusu siku. Shangazi alifika na mfuko wa kubebea vitu vyake vya drooni: brashi, kitambaa cha kufutia, kopo la nta, picha ya baba yake akiwa na nywele. Kabla ya kutia chochote mfukoni aliomba ile bahasha. Bosi akampa bila kuuliza. Mtu anayehama ana haki ya kuaga.

Alianza na garneti nyekundu iliyokuwa imesahauliwa na Redio mezani. Akaitazama kwa lenzi ya ishirini, jicho la kulia. Kingo za nyuma zilikuwa moja moja. Akatazama spineli ya buluu aliyoikata mwezi uliopita, akaona moja moja. Akachukua la zambarau. Mbili. Akabadilisha jicho, akatumia la kushoto, ambalo daktari alisema halina mtoto wala mjukuu. Mbili.

Sasa alipumua polepole. Akaanza kuligeuza jiwe kwenye kibano, kidogo kidogo, kama mtu anayetafuta stesheni ya redio. Mistari ilikaribiana. Akageuza tena, ikakaribiana zaidi, na kwenye mwelekeo mmoja, akichungulia kwa ubavuni, ikashikana ikawa mmoja. Akapita mwelekeo ule, ikaachana tena. Akarudi, ikashikana. Alifanya hivyo mara sita.

"Baba," aliita. "Njoo."

Bosi akaja, na Redio akaja bila kuitwa.

"Macho yangu ni mabovu?"

"Shangazi, tulishaongea..."

"Nijibu tu. Tuseme ni mabovu. Ugonjwa uko kwenye jicho, si ndiyo? Basi kwa nini nikiligeuza jiwe ninapona? Nikiligeuza tena naumwa? Jicho bovu haliponi kwa kugeuza jiwe."

Redio akasogea karibu.

"Nitolee kile kisanduku chako cha vioo vya giza," Shangazi akasema.

Kifaa hicho kilikuwa juu ya kabati. Kina vioo viwili vya kijivu, kimoja chini na kimoja juu, na taa chini yake. Ukivipanga vioo hivyo vikingamane, mwanga wote unazuiwa na unaona giza. Ukiweka katikati yake jiwe linaloruhusu mwanga kupita mmoja, kama spineli, giza linabaki giza hata uligeuze mpaka kesho. Ukiweka jiwe linaloupasua mwanga mara mbili, jiwe litawaka na kuzima, mara nne katika mzunguko mmoja. Pale karakana walikitumia kwa mawe mekundu tu, kutenganisha rubi na spineli, kwa sababu kwenye mekundu ndiko watu hudanganyana. Jiwe la zambarau hakuna aliyewahi kulishuku.

Bosi alishusha kisanduku, akapuliza vumbi, akawasha taa. "Spineli nyingine zina mkazo ndani," alisema taratibu. "Zinaweza kupepesa kidogo."

"Kupepesa si kuwaka. Weka."

Akaweka jiwe kwa ubavu, akainama, akaanza kuzungusha. Shangazi hakutazama jiwe. Alitazama uso wa mtoto wa kaka yake, na mwanga wa zambarau ukaja ukampiga kwenye kope, ukaondoka, ukaja.

"Moja," Redio akahesabu, akiwa amepenyeza kichwa. "Mbili. Zima. Tatu. Loo! Nne."

Bosi alizungusha tena, kisha tena kwa upande mwingine. Alipoinuka, alikuwa amekosa pa kuweka mikono.

"Siyo spineli," alisema.

"Sijui ni nini," alisema Shangazi. "Ila mimi siyo mgonjwa."

"Mtoto wa jicho unaye," Redio akamkumbusha.

"Ninaye. Hana kosa, msimsingizie."

Jumatatu Shangazi alikaa kwenye kigoda chake. Bosi hakusema lolote kuhusu meza ya kuchambua, wala yeye hakuuliza, lakini turubai lililokuwa limekunjwa tayari kwa ajili ya gurudumu lake liliachwa pale pale pembeni, limekunjwa. Walijua wote kwamba neno la mwisho litatoka maabara lilikopelekwa jiwe, na kama maabara ikisema ni spineli yenye mkazo, turubai lipo.

Majibu yalichukua wiki tatu. Walienda kuyafuata pamoja, shangazi na mtoto wa kaka, wamevaa kama wanaenda kuposa. Mpimaji alikuwa binti mwenye glavu nyeupe na sauti ndogo. Akaweka jiwe juu ya kitambaa cheusi.

"Nani alilikata?"

"Mimi," Shangazi akasema, na mikono ikajikusanya mapajani yenyewe.

"Na nani aliona kwamba kingo ni mbili?"

"Mimi huyo huyo."

"Kwa lenzi ya mara ngapi?"

"Ishirini."

Mpimaji akaitikia kwa kichwa kama mtu anayepata jibu alilolitarajia. "Kwa ya kumi ni vigumu sana. Linapasua mwanga, lakini kidogo mno. Hili ni taafeiti."

Bosi akaomba alirudie jina, akaliandika kwenye kiganja.

Binti akawaeleza, akionekana kufurahi kupata watu wa kuwaeleza. Taafeiti ni ndugu wa karibu wa spineli. Spineli ni magnesiamu na alumini. Hili lina hivyo vyote na juu yake lina beriliamu. Uzito unakaribiana, kupinda mwanga kunakaribiana, rangi ni zile zile, ugumu umezidi kwa unywele tu na haulingani pande zote. Ndiyo maana jiwe la kwanza kabisa la aina hii kujulikana duniani lilikuwa limeshakatwa na kung'arishwa, limekaa kati ya vito vya zamani likiitwa spineli, mpaka mtu mmoja alipolichungulia akaona mbilimbili, kama Shangazi. Madini mengine hugunduliwa mwambani. Hili lilikutwa likiwa limeshavaa.

"Kwa nini ni adimu hivyo?" Bosi akauliza.

"Kwa sababu ya makutano. Beriliamu huja na majimaji ya moto kutoka kwenye mwamba wa itale, chini sana. Magnesiamu hukaa kwenye miamba ya chokaa. Lazima hivyo viwili vikutane, kwenye joto kali. Na wakati huo silika, yaani ile iliyomo kwenye mchanga, iwe haba. Ikiwepo kwa wingi inainyakua beriliamu, yanazaliwa mawe mengine, zumaridi na jamaa zake. Na silika iko kila mahali."

"Yaani harusi bila mashangazi," alisema Shangazi.

Binti wa glavu alicheka mpaka akaziba mdomo.

"Halafu miaka mamilioni mwamba unaoza," akaendelea, "mawe yanabaki, mto unayabeba. Hakuna anayechimba akitafuta taafeiti. Mtu huchimba akitafuta kingine, akaipata na asiijue. Nadhani ziko nyingi kwenye pete za watu, zinaitwa spineli mpaka leo."

Shangazi akainama juu ya kitambaa cheusi. "Lina upande?"

"Lina mhimili mmoja. Ukitazama kwa mwelekeo wa mhimili, mwanga haupasuki."

"Nilijua," alisema.

Njiani Bosi alitembea hatua moja nyuma yake. Kwenye kona ya duka la vioo akamshika kiwiko. "Shangazi, turubai nimempa jirani afunikie pikipiki yake."

"Vizuri. Lingeliwa na panya."

Asubuhi iliyofuata alitunga sindano ishirini. Mume alihesabu. Alipofika karakana wenzake walikuwa wamesimama wakimsubiri, Redio amevaa shati safi, fundi mkimya ameleta maandazi na kuyaweka bila kusema ya nini. Shangazi aliwashukuru, akachukua bahasha mpya yenye cheti, akalitoa jiwe, akaenda mezani akaliweka kwenye sahani ya makosa.

"We!" Redio akapiga kelele. "Kosa gani tena? Jiwe limepata cheti!"

"Cheti ni cha jiwe. Kosa ni langu." Alisema kwa sauti yake ya kawaida, ile ya kuomba kupitishiwa kibano. "Lina mhimili. Nilitakiwa kuelekeza meza yake upande wa mhimili, mtu akichungulia kwa juu aone ukingo mmoja, msafi. Mimi nililiweka chali kwa tamaa ya ukubwa. Na liliniambia. Upande mmoja liligoma kusagika, mkono ukasikia, nikaulaumu unga. Tazameni."

Wakatazama, kwa kuwa sheria ni sheria. Walipomaliza, Redio akauliza kama litakatwa upya, na Bosi akasema hapana, likirudiwa litapungua robo, na mawe ya aina hii hayana robo ya kutupa. Libaki na kingo zake. Ila kuanzia siku ile, akasema, hakuna jiwe litakalogusa gurudumu lolote humu ndani kabla ya kupita kwenye vioo vya giza, liwe jekundu au la rangi ya maji ya kunywa.

"Na lenzi?" Shangazi akauliza.

Bosi akanyoosha mkono. Shangazi akampa ile ya ishirini. Kijana akavuta kigoda, akaketi mbele ya sahani, akaisogeza lenzi mpaka kope zikaigusa.

"Naona kope, Shangazi."

"Kaa."

Redio akarudi kwenye gurudumu lake, fundi mkimya akaanza andazi. Shangazi akachomeka kijiti kipya kwenye nta, akachagua garneti. Zikapita dakika tano, labda zaidi. Mgongo wa Bosi ulikuwa umepinda vile vile kama wa babu yake kwenye picha.

"Nimeziona," alisema hatimaye, kwa sauti ya chini kama aliyeona ndege na hataki aruke.

"Ngapi?"

"Mbili. Mbilimbili, zote."

"Sasa ligeuze," alisema Shangazi, bila kuinua kichwa, na akawasha gurudumu.